Punguza kelele za simu, usipunguze watu

MWEZI wa Machi unapokaribia ukingoni, mkulima wa Kachibora huwa na mambo mawili ya kungojea: mvua ya kwanza na arafa ya mbolea ya ruzuku. Mvua ikitangulia na mbolea ikakawia, upanzi hukawia pia, na mahindi yaliyopandwa kwa kuchelewa hayazai kama yaliyowahi. Ndiyo maana simu haimwondoki mkononi.

Lakini simu hiyo hiyo inayongojewa kwa ajili ya mbolea huleta na mengine mengi. Kundi la WhatsApp la ukoo latangaza matanga kule Bungoma. Kundi la waliosoma pamoja shule ya upili lachangia harusi jijini Nairobi. Kundi la kanisa lanunua vyombo vya muziki. Kundi la wazazi lina jambo lake, la chama lina lake, na yapo mengine mawili matatu ambayo mwenye simu hakumbuki aliingizwa lini wala na nani. Kabla chai ya asubuhi haijapoa, amekwisha kusoma habari za msiba mmoja, harusi moja, matusi ya wanasiasa wawili na sifa za dawa ambayo hakuna daktari aliyeithibitisha.

Mtu wa namna hii akishauriwa "apunguze mitandao", hudhani anaambiwa ajitenge na jamaa zake. Sivyo. Tatizo lake si wingi wa watu anaowajali. Tatizo ni kwamba simu imebomoa kuta zilizokuwa zikitenganisha ndugu, jirani na mtu anayejulikana kwa jina tu, na sasa wote wanamwita kwa sauti moja na kwa wakati mmoja. Anayetaka nafuu hana haja ya kuwakimbia watu. Ana haja ya kuzijenga tena kuta hizo kwa mikono yake mwenyewe.

WENYE KWAO KUWILI

Mzigo huu una uzito wa pekee katika sehemu kama Kachibora, na sababu yake ni ya kihistoria. Mji huu uko katika Kaunti ya Trans Nzoia, upande wa mashariki wa Kitale, chini ya milima ya Cherang'any. Enzi za ukoloni eneo hili lilikuwa sehemu ya nyanda za juu zilizotengewa walowezi wa Kizungu. Baada ya uhuru kupatikana mwaka wa 1963, mashamba mengi makubwa yaligawanywa kupitia skimu za makazi, vyama vya ushirika na kampuni za kununua ardhi. Wakaja watu kutoka Bungoma, Kakamega, Vihiga, Nandi, Pokot Magharibi na kwingineko. Kufikia sensa ya mwaka wa 2019, kaunti nzima ilikuwa na watu 990,341.

Kwa hivyo familia nyingi hapa zina kwao kuwili. Kuna nyumbani kwa shamba, ambako majirani ndio wanaokuja mbio mama mjamzito akizidiwa usiku au ng'ombe akitumbukia shimoni. Kuna na nyumbani kwa asili, alikozikwa babu, ambako jina la ukoo lina maana. Miongoni mwa Wabukusu, kwa mfano, tohara ya mwezi wa Agosti katika miaka inayogawika kwa mbili huwaita wajomba na mashangazi kutoka kila pembe. Mzee wa heshima akishazikwa, huketiwa kikao cha kumuse, ambapo mneni aliyejaliwa kazi hiyo huwafariji na kuwaonya walio hai. Hayo si mambo ya kupuuzwa.

Zamani umbali ulikuwa mwamuzi. Habari za msiba zilifika kwa barua, kwa mjumbe aliyetumwa, au kwa matangazo ya vifo yaliyosomwa redioni. Aliyekuwa Kachibora hakutarajiwa kufika katika kila matanga ya Bungoma, wala hakuna aliyempimia upendo wake kwa shilingi. Alikwenda palipomhusu. Kwingine alituma salamu kwa anayesafiri, na mambo yakaisha kwa heri.

SIMU ILIVYOBOMOA KUTA

Mambo matatu yalibadilisha hali hiyo.

La kwanza ni pesa za simu. Safaricom ilipoanzisha M-Pesa mnamo Machi 2007, kisingizio cha umbali kilikufa. Hili lilikuwa jema kubwa: mgonjwa aliweza kutumiwa pesa za hospitali siku iyo hiyo. Lakini mlango ule ule unaopitisha msaada hupitisha na dai. Tena, tangu Januari 2019, huduma ya Fuliza humwezesha mtu kutuma kiasi kinachozidi salio lake na kulipa baadaye pamoja na ada. Maana yake ni kwamba leo mtu anaweza kuchangia harusi kwa pesa asizokuwa nazo.

La pili ni makundi yenyewe. WhatsApp ilianzishwa mwaka wa 2009. Mnamo Novemba 2014 iliongeza alama mbili za samawati zinazomjulisha mtumaji kwamba ujumbe wake umesomwa. Tangu hapo, kimya chako kikawa jibu. Kundi moja liliweza kubeba watu 256 mwaka wa 2016. Kufikia mwisho wa mwaka wa 2022 idadi hiyo ilikuwa imepandishwa hadi 1,024. Kijiji kizima kinaweza kuketi katika sebule moja isiyo na mlango.

La tatu ni orodha. Kila mchango ukiingia, msimamizi huandika upya majina na viwango, kisha huyarusha kundini ili kila mtu ayaone. Aliyetoa Sh1,000 yupo, aliyetoa Sh100 yupo, na asiyetoa hayupo, na kutokuwepo kwake kunasomeka kama tangazo. Nia ya orodha ni uwazi, maana pesa za watu zinahitaji hesabu. Lakini kazi inayofanya mioyoni ni nyingine: hugeuza hisani kuwa mtihani wa hadharani.

Tufanye hesabu ya mfano. Mchango wa Sh500 katika makundi matano kila mwezi ni Sh2,500. Hiyo ndiyo bei ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku ambayo serikali ilitangaza mnamo Agosti 2023. Mkulima anayechanga hivyo anatoa mfuko mmoja wa mbolea kila mwezi, mifuko 12 kwa mwaka. Huenda michango hiyo yote ni ya haki. Lakini ni vyema ajue kwamba anatoa mbolea, kwa kuwa vidole vinapobonyeza simu huonekana kana kwamba vinatoa mia tano tu.

AKILI INA KIPIMO CHAKE

Pesa ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni akili. Robin Dunbar, mwanaanthropolojia wa Uingereza, alitoa hoja katika miaka ya 1990 kwamba binadamu huweza kudumisha uhusiano wa kweli na watu wapatao 150. Ndani ya idadi hiyo kuna mizunguko: watu kama watano wa karibu kabisa, kama 15 wa kuaminiwa, kama 50 wa urafiki wa kawaida, kisha waliosalia. Wako wataalamu wanaopinga kwamba idadi hiyo inaweza kupimwa kwa usahihi. Hata hivyo, mzee yeyote wa kijiji anaijua hoja yenyewe bila kusoma kitabu: si kila anayekusalimu sokoni ndiye utakayemwachia mtoto wako.

Sasa linganisha mizunguko hiyo na kioo cha simu. Ujumbe wa ndugu yako aliyelazwa hospitalini Kitale hulia mlio ule ule wa ujumbe wa mtu usiyemjua anayesambaza kichekesho. Akili hulazimika kushtuka kwa yote mawili. Anayeshtuka mara mia kwa siku hachoki kwa sababu anapenda watu kupita kiasi. Huchoka kwa kuwa kila mara lazima aamue upya nani ni nani.

Je, kupunguza kunasaidia? Mnamo 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha matokeo ya majaribio yaliyohusisha wanafunzi 143. Baadhi yao walitakiwa wasizidishe dakika kumi kwa siku katika kila mmoja wa mitandao ya Facebook, Instagram na Snapchat kwa muda wa wiki tatu. Upweke na dalili za huzuni zilipungua kuliko kwa wale walioendelea kama kawaida.

Utafiti mwingine, mkubwa zaidi, ulifanywa Marekani kabla ya uchaguzi wa Novemba 2018. Zaidi ya watu 2,000 walihusishwa, na baadhi yao wakalipwa wafunge akaunti zao za Facebook kwa wiki nne. Walijipatia takriban saa moja kila siku, na sehemu ya muda huo wakautumia pamoja na familia na marafiki. Furaha yao iliongezeka, ingawa kwa kiasi kidogo. Pia walipungukiwa na ufahamu wa habari za siku. Hata baada ya majaribio kwisha, wengi waliendelea kuitumia Facebook kidogo kuliko awali.

Matokeo hayo yafaa yasomwe kwa uangalifu. Kupunguza mitandao si dawa ya kila ugonjwa. Faida ipo, ni ya kiasi, na ina gharama yake.

WASIWASI WENYE MSINGI

Gharama hiyo kwa mtu wa Kachibora ni kubwa kuliko kukosa habari. Hapa ndipo mashauri mengi ya kigeni yanapokosea njia. Mwanafunzi wa Pennsylvania akifunga akaunti yake hakosi watu wa kumzika. Kwetu, kundi la ukoo ni bima. Familia isiyo na bima ya maisha inategemea kwamba siku ya msiba watu watakuja na kuni, mahindi, maharagwe, hema, na pesa za jeneza. Anayetoka kundini huonekana kana kwamba ameacha kulipia bima hiyo, na jina lake huandikwa katika kumbukumbu za watu, ambazo hazifutiki.

Sayansi nayo inakubali kwamba kujitenga ni hatari. Mwaka wa 2010, mtafiti Julianne Holt-Lunstad na wenzake walikusanya tafiti 148 zilizohusu zaidi ya watu 300,000, wakabaini kwamba wenye uhusiano imara na wengine walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuendelea kuishi, kwa takriban asilimia 50, kuliko wasio nao. Mnamo Juni 2025, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa ripoti iliyosema kwamba mtu mmoja katika kila sita duniani huathiriwa na upweke, na kwamba upweke huhusishwa na vifo takriban 871,000 kila mwaka.

Kwa hivyo mtu ni watu, kama wasemavyo wahenga. Lakini wahenga hao hao walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Bima ya kweli ni ile ya watu wanaojuana, wanaozuriana, na ambao kila mmoja anajua zamu yake itafika. Kundi la watu mia tisa ambao nusu yao hawajapata kuonana si bima. Ni ombaomba wa usiku na mchana.

Ushahidi wa tofauti hiyo tuliupata wakati wa janga la korona. Mnamo Machi 2020 serikali iliagiza kwamba mazishi yahudhuriwe na jamaa wasiozidi 15. Ilikuwa amri yenye uchungu, na wapo waliozika wazazi wao bila kuagwa na ukoo, jambo ambalo halikupona upesi. Hata hivyo, familia nyingi ziligundua kwamba chakula cha mamia ya watu, mabasi ya kukodi na mikesha ya muziki vingeweza kuondolewa, na marehemu akazikwa kwa heshima. Kilichokosekana kwa uchungu kilikuwa watu wa karibu. Funzo hilo lilisahaulika mara tu vikwazo vilipoondolewa.

HATUA ZA KUFUATA

Afanyeje basi anayetaka kupumua bila kuvunja ujamaa?

Kwanza, ahesabu. Jioni moja achukue daftari, aandike makundi yote yaliyo katika simu yake, na kando ya kila moja aandike kiasi alichotoa katika miezi mitatu iliyopita. M-Pesa hutunza kumbukumbu ya kila shilingi iliyotumwa. Wengi hawajawahi kufanya hesabu hii, na huo ndio mwanzo wa mzigo kutoonekana.

Pili, ayatenge katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la watu ambao msiba wao humlazimu afike yeye mwenyewe: ukoo wa karibu, majirani wa shamba, wenzake wa chama. Fungu la pili ni la watu wa salamu na mchango pale anapoweza. Fungu la tatu ni makundi yanayomhusu kwa jina tu, au hayamhusu kabisa.

Tatu, atumie vyombo vilivyomo ndani ya simu yenyewe. Tangu 2019, WhatsApp humruhusu mtu kuamua ni nani anayeweza kumwingiza katika kundi. Tangu 2020, kundi laweza kunyamazishwa moja kwa moja, si kwa wiki au mwaka tu. Tangu 2021, mazungumzo yaliyowekwa pembeni katika hifadhi hubaki huko hata ujumbe mpya ukiingia. Na tangu Agosti 2022, anayetoka kundini hatangazwi kwa wote. Wasimamizi pekee ndio wanaojulishwa, ingawa anayechungulia orodha ya waliotoka karibuni anaweza kumwona. Fungu la kwanza liachwe lilie. La pili linyamazishwe, lisomwe mara moja jioni. La tatu litokwe.

Nne, michango iwe na mfuko wake. Baada ya mavuno kuuzwa, au mshahara ukiingia, kiasi fulani kitengwe kwa ajili ya shida na furaha za wengine. Kikiisha, kimeisha hadi mwezi ujao. Pesa za mbolea, karo na dawa zisiguswe, wala mkopo wa simu usichukuliwe ili jina lionekane katika orodha. Undugu ni kufaana, na aliyefilisika hamfai mtu.

Tano, ajifunze kukataa kwa adabu. Wengi hutoa kwa kuwa hawajui la kusema, au hunyamaza na kuonekana wenye kiburi. Maneno machache yanatosha, na yapelekwe kwa mhusika mwenyewe, si kundini: "Shangazi, pole sana kwa msiba. Mwezi huu sina mchango wa pesa, lakini Ijumaa nitafika na debe la mahindi na kulala nanyi." Au: "Mjomba, hongera kwa kijana wetu. Sitaweza kuchangia wakati huu, ila naomba mnipe kazi ya mikono siku ya sherehe." Hakuna shangazi mwenye busara atakayemkasirikia mtu wa namna hiyo.

Sita, baadhi ya dakika zilizookolewa zirudishwe kwa watu. Anayepunguza simu kisha akaketi peke yake gizani hajafaidika. Amtembelee mzee mmoja kila wiki. Ampigie simu dada aliyeolewa mbali na kuzungumza naye robo saa, badala ya kumtazama katika picha. Wakati wa chakula cha jioni, simu zote ziwekwe mahali pamoja, ya baba ikiwa ya kwanza, kwa maana watoto hufuata macho kuliko masikio.

WAJIBU WA WASIMAMIZI

Juhudi za mtu mmoja hazitoshi iwapo wanaoendesha makundi hawatabadilika. Msimamizi anaweza kuweka hesabu wazi bila kuanika majina: jumla ya pesa zilizopatikana na matumizi yake yatangazwe kwa wote, na orodha ya watoaji ibaki kwa mweka hazina na familia husika. Tangu 2018, kundi laweza kuwekwa hivi kwamba wasimamizi pekee ndio wanaotuma ujumbe. Hilo lafaa sana kwa kundi la matangazo ya matanga, ili habari za mazishi zisizikwe chini ya mamia ya "poleni". Na kundi la msiba livunjwe msiba ukiisha. Makundi mengi yanayotusumbua leo ni matanga ambayo hayakuwahi kuanuliwa.

Vijana nao wasisahauliwe. Kwao mzigo si michango sana kama kujilinganisha. Kijana wa bodaboda anayetazama usiku picha za mwenzake aliyekwenda kufanya kazi Ghuba haoni chumba chake cha kupanga wala madeni ya safari. Huona jengo refu na tabasamu. Wazazi na walimu wamweleze kwamba picha huchaguliwa, na kwamba kurasa hizo zimeundwa zisiwe na mwisho ili jicho lisipate pa kupumzikia. Mtu akijua mtego ulivyofungwa, huukanyaga kwa uangalifu.

Hayo yote hayahitaji simu mpya wala safari ya mbali. Yanahitaji jioni moja, daftari moja, na ujasiri wa kuwaambia watu ukweli kwa heshima. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: walioko kundini hawawezi kujua uzito wa simu ya mtu mwingine. Mwenye kuubeba ndiye anayepaswa kuupanga, ili siku jirani atakapopiga hodi usiku wa manane kwa shida ya kweli, amkute na nguvu za kuinuka, na akiba ya kumsaidia.